Isale

Isale (wingi: masale, jina la kisayansi: *Dracaena fragrans*) ni kichaka au mti mdogo wa familia Asparagaceae unaobaki na majani mabichi mwaka mzima. Asili yake ni misitu ya Afrika ya kitropiki, ambako huota chini ya kivuli cha miti mirefu. Nchini Tanzania linajulikana zaidi kwa jina hili la Kichagga, na linaonekana kwa wingi katika vihamba vya mkoa wa Kilimanjaro, likiwa limepandwa kama ua, kama alama ya mpaka na kama alama ya makaburi. Nje ya Afrika ni mmoja kati ya mimea ya chungu inayopendwa sana majumbani na maofisini.

Isale ni rahisi kupanda. Kipande cha shina kikichomekwa ardhini wakati wa mvua huota mizizi, huvumilia kivuli na huishi miaka mingi. Mmea ukikatwa huchipua tena palepale. Sifa hizohizo zinazompendeza mtunza bustani ndizo zilizolifanya isale kuwa shahidi wa mipaka kati ya majirani, hata kabla ya ardhi kupimwa na kuandikiwa hati.

## Jina na uainishaji

Mwanabotania Carl Linnaeus alilieleza isale mwaka 1762 kwa jina la *Aletris fragrans*. Mwaka 1808 John Ker Gawler alilihamishia katika jenasi *Dracaena*. Neno *Dracaena* limetoka katika Kigiriki na lina maana ya joka jike. Jenasi ilipewa jina hilo kwa sababu ya spishi nyingine, kama zile za Visiwa vya Kanari na kisiwa cha Sokotra, zenye utomvu mwekundu unaoitwa damu ya joka. Neno *fragrans* ni la Kilatini na maana yake ni "yenye kunukia", kutokana na harufu ya maua.

Mwaka 1902 mtaalamu wa Kijerumani Adolf Engler alieleza mmea aliouita *Dracaena deremensis*, kutokana na Derema, mahali katika milima ya Usambara Mashariki karibu na Amani, katika mkoa wa Tanga wa leo. Siku hizi mmea huo unahesabiwa kuwa ni *Dracaena fragrans* ileile. Hata hivyo jina la zamani bado linatumika katika biashara ya maua, kwa hiyo jina la Derema limeandikwa kwenye vibandiko vya vyungu katika maduka ya nchi nyingi.

Zamani jenasi hii iliwekwa katika familia Agavaceae au Dracaenaceae. Uainishaji wa sasa unaiweka katika Asparagaceae.

Majina ya wenyeji ni mengi. Wahaya huuita mmea huu *omulamula*, jina linalohusiana na kitenzi chenye maana ya kuamua ugomvi. Waganda huuita *oluwaanyi*, na kwao pia hupandwa mipakani.

## Maelezo

Isale huwa na shina moja au mashina kadhaa membamba yaliyosimama. Bustanini kwa kawaida hufikia kimo cha mita 2 hadi 5, lakini msituni linaweza kufikia mita 15. Majani hukaa kwa mzunguko juu ya shina bila kikonyo. Ni marefu, laini, yanayong'aa na yenye ncha kali, na urefu wake huanzia sentimita 20 hadi zaidi ya mita 1. Upana ni sentimita 2 hadi 12. Majani machanga husimama, na yale ya zamani huinama kama majani ya mahindi. Majani ya chini yakianguka huacha makovu ya mviringo kwenye shina.

Maua hutokea katika shada refu kwenye ncha ya tawi. Kila ua lina urefu wa sentimita 2 hivi na vipande sita vyeupe vyenye mstari mwembamba mwekundu au wa zambarau katikati. Hufunguka jioni na kutoa harufu kali usiku, inayovuta nondo. Matunda ni ya mviringo, yenye rangi ya machungwa au nyekundu yakiiva, na upana wa sentimita 1 hadi 2. Ndege huyala na kusambaza mbegu.

Isale ni monokotiledoni, kama nyasi na mgomba. Mimea mingi ya kundi hilo haiwezi kunenepesha shina baada ya kurefuka, lakini jenasi *Dracaena* inaweza, kwa njia iliyo tofauti na ile ya miti ya kawaida. Kwa hiyo shina la isale la zamani huwa nene na gumu, lakini halina pete za mwaka zinazoweza kuhesabiwa ili kujua umri wake.

## Uenezi

Spishi hii imeenea katika Afrika ya kitropiki, kutoka magharibi hadi Afrika ya Mashariki na kusini hadi Angola na Msumbiji. Katika Afrika ya Mashariki hupatikana hasa katika misitu ya milimani na kandokando ya mito, mahali penye unyevu na kivuli.

Spishi za jirani zinazofanana nalo ni *Dracaena afromontana*, ambayo ni ya misitu ya milima mirefu na ina majani membamba zaidi, na *Dracaena steudneri*, ambayo ni kubwa na yenye shina nene. Katika matumizi ya kila siku jina la masale huweza kutolewa kwa zaidi ya spishi moja.

Mmea wa kigeni wa jenasi *Cordyline*, wenye majani ya kijani au mekundu, huchanganywa mara nyingi na isale katika vitalu vya maua. Njia ya kuitofautisha ni kukata mzizi. Ndani ya mzizi wa *Dracaena* kuna rangi ya njano au ya machungwa, na ndani ya mzizi wa *Cordyline* ni cheupe.

## Kupanda na kutunza

### Mahali na mwanga

Mahali panapofaa zaidi ni penye kivuli chepesi: chini ya migomba, chini ya miti mirefu, au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Katika vihamba vya Kilimanjaro isale hukaa katika tabaka la chini, pamoja na mibuni na magimbi, huku migomba na miti mirefu ikiwa juu yake.

Katika nyanda za juu zenye ukungu na baridi, isale huvumilia jua la wazi. Katika sehemu za chini zenye joto, kama pwani, jua kali la mchana huunguza majani na kuyaacha na mabaka ya rangi ya majivu. Kivuli kizito sana hakiui mmea, ila hukua polepole, shina hurefuka na majani huwa machache. Isale halivumilii jalidi.

### Udongo

Udongo uwe mwepesi, wenye mboji na usiotuamisha maji. Udongo wa volkeno wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru unafaa sana. Kwenye udongo wa mfinyanzi ni vizuri kuchanganya samadi iliyooza au mboji na mchanga, au kupanda kwenye tuta. Maji yanayosimama kwenye mizizi ndiyo sababu ya kawaida ya kufa kwa masale bustanini.

### Kuzalisha kwa vipandikizi

Njia ya kawaida ni kutumia vipande vya shina.

1. Chagua shina lililokomaa, lenye afya na lisilo na madoa.
2. Likate kwa panga au kisu kikali katika vipande vya sentimita 20 hadi 30. Kwa ua au mpaka vipande vya nusu mita hadi mita 1 ni bora, kwa sababu huonekana mapema na havifunikwi na magugu.
3. Weka alama upande wa juu wa kila kipande. Kipande kilichopandwa kichwa chini hakioti vizuri.
4. Ondoa majani mengi na uache machache ya kileleni, kama yapo, ili maji yasipotee.
5. Acha vipande kivulini siku moja au mbili ili jeraha likauke. Hatua hii hupunguza kuoza.
6. Chomeka theluthi moja ya kipande ardhini na ushindilie udongo kwa mguu.

Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua za masika, yaani Machi au Aprili, ili mmea upate mizizi kabla ya kiangazi. Mvua za vuli pia hufaa, lakini ni fupi, kwa hiyo huenda ikabidi kumwagilia. Mizizi huanza kuota baada ya wiki kadhaa, na machipukizi hutokea chini kidogo ya mahali palipokatwa.

Kitaluni vipande vifupi hupandwa kwenye viriba vyenye mchanganyiko wa udongo wa msituni, mchanga na mboji, na huwekwa chini ya kichanja. Kilele chenye majani nacho huota, hata kikiwekwa tu kwenye chombo cha maji yanayobadilishwa mara kwa mara.

### Kuzalisha kwa mbegu

Mbegu hutolewa katika matunda yaliyoiva, huoshwa nyama yote na kupandwa zikiwa mbichi. Kuota kwake huchukua muda, na mche hukua polepole kuliko kipandikizi. Njia hii hutumiwa mara chache bustanini.

### Nafasi

Kwa ua uliosongamana, acha sentimita 30 hadi 50 kati ya shina na shina. Kwa mpaka inatosha kupanda mita 1 hadi 3, na kuweka mashina mawili au matatu pamoja kwenye kila kona. Kona isiyoeleweka vizuri huweza kuzua ubishi kuhusu mistari yote miwili inayokutana hapo.

### Maji na mbolea

Isale lililokwisha kushika mizizi katika sehemu yenye mvua za kutosha halihitaji kumwagiliwa. Mche mchanga umwagiliwe udongo unapokauka juu, bila kuufanya tope. Samadi au mboji mara moja kwa mwaka inatosha. Matandazo ya majani ya migomba hutunza unyevu na kuzuia magugu.

Kasoro moja ya isale ni kwamba linadhurika kwa madini ya floraidi. Mmea huyavuta pamoja na maji na kuyalimbikiza kwenye ncha za majani, ambazo hugeuka kahawia na kukauka. Jambo hili lina maana ya pekee kaskazini mwa Tanzania, kwa sababu baadhi ya visima, chemchemi na mito inayozunguka Mlima Meru na sehemu nyingine za Arusha na Kilimanjaro ina floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkeno. Maji hayohayo ndiyo yanayowatia watu madoa ya kahawia menoni. Masale ya chungu katika maeneo hayo yamwagiliwe maji ya mvua ikiwezekana. Mbolea ya supafosfeti nayo huwa na floraidi, kwa hiyo isitumike. Kuongeza chokaa kidogo kwenye udongo wenye asidi nyingi hupunguza madhara.

### Kupogoa

Isale likizidi kimo hukatwa kwa urefu wowote unaotakiwa. Chini ya mkato hutokea machipukizi mawili au matatu, kwa hiyo kupogoa hulifanya liwe na matawi mengi. Vipande vilivyokatwa vyaweza kupandwa mahali pengine. Majani makavu ya chini huondolewa kwa mkono.

### Wadudu na magonjwa

Wadudu wa kawaida ni vidung'ata, vidugamba na vithripi, pamoja na utitiri, hasa kwa mimea iliyo ndani ya nyumba yenye hewa kavu. Kwa mimea michache inatosha kufuta majani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Magonjwa ya kuvu husababisha madoa ya majani mahali ambapo hewa haipiti na majani hulowa muda mrefu. Shina likilainika na kunuka chini, mizizi imeoza. Hapo dawa ni kukata sehemu ya juu iliyo nzima na kuipanda upya mahali pakavu zaidi.

## Matumizi

### Mpaka na ua

Kihamba ni shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, linalorithiwa kizazi hadi kizazi. Katika miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro vihamba vinapakana bila nafasi kati yake, na ardhi ni haba. Kwa desturi mpaka huoneshwa kwa mstari wa masale, na hupandwa mbele ya majirani na wazee ili wawe mashahidi.

Kuna sababu za kibotania za kuchagua mmea huu:

* Haujitambazi kwa mizizi wala kwa matawi, bali husimama palepale ulipopandwa.
* Ukikatwa na panga huchipua kutoka kwenye kisiki. Anayetaka kuuondoa hana budi kuung'oa, na shimo huonekana.
* Hupata mwanga wa kutosha hata chini ya migomba.
* Majani yake hayapukutiki wakati wa kiangazi, wala hayafanani na ya mibuni au ya migomba.
* Ni mwembamba, kwa hiyo hauli nafasi ya mazao.

Hata hivyo urahisi wa kupanda isale ni udhaifu pia. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuchomeka shina nene upande wa jirani, nalo likaonekana kama la miaka mingi. Kwa kuwa shina halina pete, umri wake hauthibitishwi kwa kulikata. Kinachoweza kusaidia mapema ni kufukua chini yake, kwa sababu shina jipya bado halina mizizi ya kutosha. Baada ya misimu michache ya mvua alama hiyo nayo hupotea. Ndiyo maana isale halikutosha kuwa ushahidi peke yake: lilihitaji watu waliokuwapo lilipopandwa. Shina la mpaka likifa, ni vizuri kupanda jingine katika msimu uleule na jirani akiwepo.

Desturi hizi zimeandikwa na watafiti kadhaa. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri kutoka Ujerumani, alichapisha mwaka 1926 kitabu *Das Recht der Dschagga* kuhusu sheria za Wachagga. Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichunguza mashauri ya ardhi ya Kilimanjaro katika kitabu chake *Social Facts and Fabrications* cha mwaka 1986.

Siku hizi viwanja vinavyopimwa huwekewa mawe ya mipaka, na katika vijiji hutolewa hati za hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hiyo ilianzisha pia Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha migogoro. Pale ambapo vipimo havijafanyika, masale na kumbukumbu za majirani bado ni sehemu ya ushahidi. Aliyerithi kihamba na kufyeka mstari wa masale kwa kudhani ni vichaka tu anaweza kujikuta amefuta alama ambayo wazazi wake waliitegemea.

### Msamaha na heshima kwa wafu

Miongoni mwa Wachagga jani la isale ni ishara ya amani na ya kuomba radhi. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani hilo, mara nyingine likiwa limefungwa fundo au likipelekwa na mtu wa kati. Anayeletewa isale hutarajiwa kusikiliza, na kulikataa bila sababu nzito ni jambo la aibu. Desturi hiyo inaendelea hata katika familia za Kikristo na za mijini, hasa wakati ndugu wanaporudi nyumbani mwishoni mwa mwaka.

Masale hupandwa pia kwenye makaburi ya ukoo ndani ya kihamba. Kwa namna hiyo mmea mmoja huonesha mahali wazee walipolala na mahali ardhi waliyoiacha inapoishia.

### Mmea wa ndani

Isale huvumilia mwanga hafifu na kusahauliwa kumwagiliwa, ndiyo sababu limependwa ofisini. Aina zilizochaguliwa na wakulima wa maua ni pamoja na 'Massangeana', yenye mstari wa njano katikati ya jani, 'Warneckei', yenye mistari myeupe, na 'Janet Craig', yenye kijani kilichokolea.

Mara nyingi husemwa kwamba mmea huu husafisha hewa ya chumba. Dai hilo lilitokana na majaribio ya NASA yaliyochapishwa mwaka 1989, ambayo yalifanyika katika vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionesha kwamba katika jengo la kawaida ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili kulingana na kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka yenyewe. Kufungua dirisha kunafaa zaidi.

## Tahadhari

Majani ya isale yana saponini. Mbwa na paka wakiyatafuna huweza kutapika, kutoa mate mengi na kukosa hamu ya kula, kwa hiyo chungu kiwekwe wasipofikia. Matunda si chakula cha watu.

Wanaotaka kupanda masale wachukue vipandikizi kutoka bustani za majirani au vitaluni badala ya kukata mimea ya msituni. Vipandikizi visichukuliwe kamwe kutoka mstari wa mpaka bila idhini ya pande zote mbili, kwa sababu shina lililokatwa hapo huweza kufasiriwa kama jaribio la kuusogeza.